Maji Yanaona Kutoka Chini

Hans alirudi kutoka Ziwa Duluti na tope kifuani, na hapo ndipo Kandida alipoamini kwamba ana mke mwenza. Mwingine angeona tope tu, akaloweka shati, akaendelea na mambo yake. Lakini Kandida alikuwa amekaa na mwanamume huyu ndani ya ndoa na ndani ya kazi kwa miaka kumi, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akipiga goti kwa ajili ya picha, sembuse kulala kifudifudi. Hans hupiga picha akiwa wima. Bibi harusi asimame, bwana harusi asimame, Hans naye asimame, mambo yaishe, watu wakale pilau. Leo amelalia tumbo ukingoni mwa ziwa, tena na lile shati jeupe ambalo Kandida alimnunulia wakati wa Pasaka akamwambia litavaliwa kanisani tu.

Akamuuliza kama aliteleza. Hans akasema hapana, kazi yenyewe ndiyo ilitaka hivyo, akaingia bafuni akipiga mluzi. Huo mluzi nao ulikuwa mgeni nyumbani humo. Kandida alisimama koridoni na shati mkononi akiusikiliza mpaka ukaisha, na roho ikamuuma.

Studio yao iko Themi, kwenye safu ya maduka iliyo karibu na daraja, na kibao cha nje kina jina la Hans peke yake. Hans ndiye anayepiga, Kandida ndiye anayekaa kwenye kompyuta na kuzifanya picha zionekane jinsi wateja wanavyodhani walikuwa. Kazi hiyo ya pili watu huidharau, lakini ndiyo inayoleta ugali. Mteja wa Arusha ukishampiga picha mbele ya ukuta, anataka nyuma yake pawe na Mlima Meru. Akishaupata Meru, anataka ziwa. Akishapata ziwa, anataka yeye mwenyewe aonekane majini, miguu juu, kichwa chini, kama walivyoonekana wale wa kwenye simu ya jirani yake.

Sasa kivuli cha majini kina njia ya mkato, na mafundi wengi wa mjini huijua hiyo tu. Unaichukua picha ya mtu, unaipindua juu chini, unaibandika chini ya nyayo zake, unaififisha kidogo, unaitia viwimbi, mteja anatoa tabasamu na kuondoka. Kandida aliweza kuifanya huku akijibu simu. Aliichukia vilevile, kwa sababu ni uongo, na yeye alikuwa mtu wa kuumwa na uongo wa picha kama wengine wanavyoumwa na jino.

Alishamweleza Hans sababu yake, siyo mara moja. Kuna Jumapili moja alijaza sufuria maji akaiweka mezani, akachukua ile chupa ya chai nyekundu yenye maua waliyopewa na mama yake siku ya harusi, akaining'iniza kwa mkono juu ya maji. Akamwambia Hans atazame. Ukiitazama chupa yenyewe unaona maua ya ubavuni. Ukitazama majini, maua yamejificha, unaona kitako na chapa ya kiwanda. Maji hayaoni unachokiona wewe, akamwambia. Maji yanaona kutoka chini. Kwa hiyo ukitaka kivuli kiwe cha kweli, piga picha ya pili, kamera ikiwa chini kabisa kwenye usawa wa maji, halafu hiyo ndiyo niipindue. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Baba Blessing.

Hans alitazama sufuria, akatazama chupa, akasema, "Nani atakayeangalia?" Kisha akaomba amiminiwe chai.

Kandida aliyasema hayo tena kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, akayasema kwenye harusi ya Usa River, akayasema walipokwenda kupiga picha za hoteli moja yenye bwawa. Kila mara Hans alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwishowe Kandida akachoka. Nabii hakubaliki kwao, alijisemea, na akaendelea kupindua picha.

Ndipo akaja Silantoi.

Alikuwa na biashara ya mtindi pale Kwa Mrombo, duka dogo safi lenye majokofu mawili, maziwa yakitoka kwa ng'ombe wa kwao upande wa magharibi wa Meru. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alipoyatoa aliyatoa polepole hadi mtu ukasogea kumsikiliza. Siku ya kwanza aliingia studio na kibuyu cha maziwa kilichovalishwa shanga, akampa Hans mkono, kisha akamgeukia Kandida akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama Blessing."

Kandida akafanya hesabu ya haraka usoni mwa yule mwanamke na kuona kwamba hawapishani hata miaka mitano. Aliitikia marahaba kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Shikamoo ni heshima, hilo kila mtu analijua, lakini kuna shikamoo inayokuketisha kwenye kiti cha wazee wakati mumeo bado amesimama na vijana.

Silantoi alitaka bango la duka. Alitaka kibuyu hicho, cha marehemu bibi yake, kining'inie kwenye tawi juu ya maji ya Duluti, Meru uonekane nyuma, na kivuli chake kionekane ziwani. Alimweleza Hans mengine zaidi, ila Kandida hakuyasikia kwa sababu alikuwa akimrekebishia rangi ya uso kwenye kompyuta mzee mmoja aliyehitaji picha ya kitambulisho. Alichosikia ni sauti ya Hans ikisema, "Nimekuelewa kabisa, dada Silantoi," kwa utulivu ambao yeye, mke wa ndoa, alikuwa hajausikia tangu Blessing anyonye.

Tangu siku hiyo mtindi ukaanza kuingia nyumbani. Hans, Mchaga wa Machame aliyelelewa kwa ndizi na chai, mtu ambaye maziwa yalimvuruga tumbo tangu utoto na kila mgeni aliambiwa habari hiyo, akawa anarudi na chupa za mtindi wa Silantoi na kuzipanga kwenye friji mbele ya mboga. Kandida akifungua friji asubuhi, jina la yule mwanamke linamtazama. Mtoto akiomba kinywaji cha kwenda nacho shuleni, anapewa mtindi. Siku moja Kandida aliumimina wote kwenye sinki, kisha akaona aibu, akaenda kununua chupa nyingine ajaze pengo. Akajikuta kwenye foleni Kwa Mrombo, akimlipa pesa mwanamke yuleyule, akipokea shikamoo nyingine.

Kwa hiyo shati lile la tope halikudondoka kutoka mbinguni. Lilikuta moyo umeshalimwa.

Kesho yake alizifungua picha za Duluti. Za kwanza zilikuwa za Hans yuleyule wa siku zote. Alisimama, akapiga, kibuyu kinaning'inia vizuri, mlima uko mahali pake, na upepo umeyakwaruza maji kiasi kwamba hakuna kivuli chochote. Sawa, ndiyo maana yeye yupo. Akaendelea kushuka. Halafu picha zikabadilika.

Kamera ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imelala kwenye tope, imegusa maji karibu ilowe, na kibuyu kilikuwa juu yake kama kinavyoonekana na samaki. Kitako chote kilikuwa wazi, na kitako hicho kilikuwa kimeshonewa shanga, mduara ndani ya mduara, nyekundu, nyeupe, buluu, na katikati kabisa ushanga mmoja wa rangi ya chungwa uliokuwa umeshika mwanga wa jua. Picha ya mwisho ilikuwa nzuri kupita zote. Hans hakuwahi kupiga kitu kama kile. Moyo wa Kandida, ule wa ufundi, uliruka. Miaka kumi alikuwa akiisubiri picha ile, na sasa ilikuwa mbele yake, imepigwa kama alivyofundisha, hata pembe yake ilikuwa sahihi.

Kisha akaona miguu. Ilikuwa pembeni, haikukaa vizuri kwenye jicho la kamera, miguu miwili pekupeku yenye shanga kwenye vifundo. Silantoi alikuwa amesimama pale, na Hans amelala mbele yake. Kandida akaikuza ile miguu, akaikuza tena, hadi ikawa vipande vya rangi visivyo na maana, na bado hakuacha kuitazama.

Hakuinama kwa harusi za watu, alijisemea. Hakuinama kwa ubatizo wa mwanawe mwenyewe, alipiga wima kama mlingoti. Mimi nimemwomba kwa maneno, nimemwomba kwa sufuria, akaniomba chai. Amekuja huyu, hajamaliza mwezi, mwanamume amelala topeni na shati la kanisani. Ulikuwa wivu, na hakujaribu kuuita jina jingine.

Hans alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Hilo nalo halikuwa kawaida. Kwa kawaida akishaleta kadi ya kamera huwa amemaliza, mengine ni ya kompyuta.

"Zile za chini zimekaaje?" aliuliza.

Kandida alikuwa ameshazifunga. "Zimetoka na ukungu," akasema.

"Zote?"

"Zote. Mkono wako ulitetemeka."

Hans akasema basi, hamna neno, akatoka kwenda kununua vocha, na kupitia dirishani Kandida alimwona amesimama muda mrefu mbele ya kibanda bila kununua kitu. Ungedhani Kandida angefurahi. Badala yake aliumia zaidi, kwa sababu mtu hasikitiki hivyo kwa picha ya kibuyu. Anasikitika hivyo kwa mwenye kibuyu. Na kwa kuwa uongo ukishausema unataka kulindwa, akazifuta zile picha za chini, moja baada ya nyingine, ile nzuri akiiacha mwisho. Kidole kilisita juu yake. Akaifuta nayo. Kadi ya kamera Hans aliisafisha jioni ile, akaipeleka kwenye harusi ya Nduruma na kuijaza vumbi na mashangazi, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi.

Kisha akafanya bango kwa njia ya mkato. Na alilifanya kwa ufundi wake wote, maana alitaka liwe zuri na liwe la uongo kwa wakati mmoja. Alikipindua kibuyu, akayatia maji giza la msitu wa Duluti, akatawanya viwimbi, akaupindua na Meru. Lilipotoka kwenye mashine ya kuchapishia, mtu yeyote mjini angelisifu. Ubavu wa kibuyu juu, ubavu uleule wa kibuyu chini. Hans alilitazama akasema ni zuri. Hakusema zaidi.

Silantoi alikuja kulitazama asubuhi, Hans akiwa ametoka kupeleka albamu. Kandida alimkunjulia bango mezani, akasimama kando mikono kifuani. Alikuwa amejiandaa kusikia sifa, azipokee kwa ukimya na kufurahi peke yake kwamba mwanamke huyu anapeleka uongo nyumbani.

Silantoi hakusifu. Alilitazama bango, akainama, akapitisha kidole sehemu ya maji, kisha akauliza kwa upole kitako kiko wapi.

Kandida akajifanya hakuelewa. Basi Silantoi akavuta kiti, akamsimulia. Kibuyu kile bibi yake alikitundika kwenye kigingi juu ya mahali walipolala wajukuu. Watu wazima walioingia waliona ubavu na shingo, na shanga za hapo zilikuwa za kawaida tu. Bibi alizimalizia zile nzuri kwenye kitako, akaambiwa na wenzake kwamba anapoteza shanga mahali pasipoonekana na mtu. Akawajibu kwamba watoto wakiamka ndicho wanachokiona. Silantoi alikuwa mmoja wa hao watoto, na ndiyo sababu alitaka maji kwenye bango, si urembo. Maji ndiyo yangekionyesha kitako.

"Huenda hukuambiwa," akasema. "Sikulaumu, mama Blessing. Ila Hans anajua. Ni fundi sana yule. Pale ziwani aliniambia maji hayaoni tunachokiona sisi, maji yanaona kutoka chini. Akanipa mfano wa sufuria na chupa ya chai."

"Chupa gani?" Kandida akauliza.

"Nyekundu, ina maua. Ukiining'iniza juu ya maji unaona chapa ya kiwanda. Nikamuuliza mambo hayo alisomea wapi. Akasema ni uzoefu tu."

Hapo Kandida alikaa. Hans alikuwa amesikia! Miaka yote ile ya kutikisa kichwa, ya nani atakayeangalia, mwanamume alikuwa amelisikia kila neno, akaliweka mahali, na chapa ya kiwanda akaikumbuka. Alikuwa ameyatunza maneno ya mkewe mpaka alipopata mwanamke mwingine wa kumpa. Na alipompa, alimpa kama mali yake. Wivu wa wiki hizo zote, wa mtindi na miluzi na miguu, ulionekana mchezo wa watoto mbele ya huu. Angemkuta amemshika mkono Silantoi, asingeumia hivi. Mkono ni wa Hans, anaweza kuupeleka anakotaka. Lakini ile Jumapili ya sufuria ilikuwa ya Kandida.

Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno: ni mimi niliyemfundisha. Ndipo alipoliona bango pale mezani na kuelewa alivyojifunga kwa kamba yake mwenyewe. Akisema alijua, ataulizwa kwa nini basi amefanya hivi. Akinyamaza, basi ni fundi asiyejua kazi, mke anayembebesha mumewe aibu. Achague mwenyewe, mjinga au mwovu.

Akachagua ujinga. Akanyamaza.

Hans akaingia na jasho la njiani, na Silantoi akamwambia bila ubaya wowote, "Hans, hebu mfundishe mama Blessing ile habari ya maji."

Hans alimtazama mkewe. Mlango ulikuwa wazi pale, mpana kabisa; alihitaji sentensi moja tu kuupita. Kandida alimngojea. Alimngojea kwa macho makavu, na hata yeye alishangaa jinsi alivyotamani aupite.

Hans akakohoa kidogo, akasogea mezani, akaanza kufundisha.

Alifundisha vizuri. Alimweleza mkewe kwamba maji yanaona kutoka chini. Alimweleza habari ya picha ya pili na kamera kwenye usawa wa maji. Alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Silantoi akacheka. Kandida alikaa na mikono mapajani kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akiyasikia maneno yake yakirudi kwa sauti nzito ya kiume, na akavumilia. Angevumilia mpaka mwisho. Lakini Hans akanogewa. Akaweka kidole kwenye Meru uliopinduka na kusema kwamba hata mlima nao umekosewa, kwamba safari ijayo watauonyesha nao kwa chini, kama kibuyu.

"Mlima hauna chini ya kuonyesha," Kandida akasema.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Wote wawili wakamgeukia.

"Uko mbali mno," akaendelea, maana sasa hakuweza kuacha. Kudharauliwa alikubali, lakini kusikia kazi ikisemwa kombo hakuweza. "Wewe ukisimama, maji yakiwa chini yako, wote mnauona mlima vilevile. Kuupindua tu kunatosha. Kitu cha karibu ndicho kinachobadilika. Kibuyu kingeonekana kitako, na kingeufunika mlima zaidi majini kuliko juu. Hilo la mwisho hukulisikiliza, Baba Blessing. Ulikuwa umeshaomba chai."

Silantoi alimtazama Hans, akamtazama Kandida, kisha akalitazama bango polepole, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua. Ni mimi niliyemfundisha, nyumbani kwangu, kwa chupa aliyonipa mama yangu."

"Basi kwa nini umefanya hivi?"

Kandida akaona haina maana tena kujificha. "Wivu," akasema. "Alipiga picha za kitako kwa ajili yako, na zilikuwa nzuri. Nikamwambia zina ukungu. Nikazifuta."

Hans akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu. Silantoi hakukasirika, au kama alikasirika aliimeza hasira. Aliuliza tu kama kweli ni wivu juu yake yeye. Kandida akamjibu kwamba ulianza juu yake, ila tangu asubuhi ile hajui tena ni juu ya nani.

"Mimi nilitaka kitako cha kibuyu," Silantoi akasema. "Wanaume wa watu sina friji ya kuwaweka."

Akasimama, akalikunja bango akaliacha mezani. Akasema atakirudisha kibuyu wiki inayofuata, waende wote watatu Duluti, na kwamba atalipia picha zenye kitako na si nyingine. Mlangoni akaaga. Safari hii hakusema shikamoo. Alisema, "Baadaye, Kandida."

Wakabaki wawili. Kandida alikuwa na maneno mengi yaliyopangana, lakini lililotoka lilikuwa moja. Akamuuliza Hans kwa nini hakumtaja.

Hans alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha picha za pasipoti, mgongo ukiwa umenyooka dhidi ya pazia la buluu.

"Kila mteja anayekuja hapa anauliza, mama yupo?" akasema. "Jina kwenye kibao ni langu, lakini wanakuja kwako. Picha yangu mbaya unaifanya nzuri, na mimi najua, na wewe unajua. Yule hakukujua. Nilitaka mtu mmoja tu anione mimi ndiye ninayejua kitu."

Kandida hakuwahi kufikiri kwamba wivu unaweza kulala upande ule wa kitanda pia, tena miaka yote hiyo, bila kukohoa. Hakumhurumia bado. Ila alimwona.

"Na kulala kwenye tope?"

"Hiyo ilikuwa yako," Hans akasema. "Yule angejuaje kama ni nzuri? Ni nani mwingine angejua? Nilikuwa nangojea uifungue. Ndiyo maana nilikuja kusimama pale nyuma yako." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi mwenyewe sikuiona. Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera kilikuwa cheusi tii. Nilibonyeza tu, nikasema nitaiona kwenye kompyuta."

Kandida akahisi kitu kikimshuka kifuani, kizito, na hakikuwa wivu. Picha bora ambayo mumewe aliwahi kupiga, yeye hakuiona. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeiona, naye ndiye aliyeifuta.

"Ile ya mwisho," Hans akauliza, sauti ikiwa chini, "ilikuwaje?"

Angeweza kusema ilikuwa ya kawaida. Ingemuumiza kidogo, na labda alistahili. Kandida aliisogeza kompyuta pembeni, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akafumba macho ili aione vizuri.

"Katikati kuna ushanga mmoja wa rangi ya chungwa," akaanza. "Umeushika mwanga. Halafu unafuata mduara mweupe."